Shajara ya Mradi: Kuingia Kwenye MicroVAX 3100 Bila Terminali Yake

Jumamosi. Tulichonacho

Mashine ni MicroVAX 3100, kompyuta ya familia ya VAX, kazi ya Digital, kampuni ambayo mafundi wa zamani huiita DEC tu. Ndani yake kuna mfumo endeshi wa OpenVMS 6.2 (kwa kifupi VMS), toleo la mwaka 1995, na juu yake programu ya hesabu za ghala iliyoandikwa kwa lugha ya COBOL. Mashine yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni terminali yake, yaani skrini na kibodi ya kuiongoza, VT420. Skrini haiwaki tena, na aliyeirithi mashine hana njia nyingine ya kuzungumza nayo. Itifaki ya TCP/IP, ile ya intaneti, haikuwekwa kabisa. Walioiendesha walitosheka na DECnet na LAT, itifaki za Digital yenyewe.

Kazi ni mbili. Kwanza, mtu aweze kuingia na kuitumia programu ya ghala kutoka kompyuta yoyote ya leo. Pili, data zitoke zikiwa kamili. Kuandika upya programu hakumo, na sitaki kuingizwa huko.

Mambo haya yakikwama, wengi hukimbilia kulaumu mtandao. Mimi naona kinyume. Minikompyuta ya aina hii haijali uko karibu au mbali. Inachotaka kujua ni wewe ni terminali gani, na ukiijibu vibaya, hata mtandao mzuri kiasi gani hautakuokoa. Kwa hiyo nitapanda kutoka chini: waya wa konsoli (tundu la kuisimamia mashine moja kwa moja) kwanza, kisha Etheneti, kisha lango la SSH, njia ya kuingia kwa mbali kwa usiri. Katika kila ngazi nitarekodi baiti zinazopita, maana skrini peke yake haiaminiki kama ushahidi.

Jumapili. Mazoezi

Kabla ya kugusa chuma nimewasha VAX ya kuigiza kwenye SIMH, mradi alioanzisha Bob Supnik mwaka 1993. VAX yake ya kawaida inaiga MicroVAX 3900, si 3100, lakini mfumo wa VMS ni uleule na konsoli yake inafikiwa kwa Telnet, itifaki ya zamani ya kuingia kwa mbali. Hapa ndipo nitakapojaribu kila amri ya hatari kabla ya kuipeleka kwenye mashine halisi. Sina zaidi ya kuandika leo.

Jumatatu jioni. Waya wa konsoli

Tundu la konsoli ni MMJ. Ukiliangalia haraka utadhani ni la simu, ila ulimi wa plagi umesogezwa pembeni ili waya wa simu usiingie. Waya wa MMJ kwa MMJ tayari umepishanishwa ndani, yaani kutuma kwa upande huu kunafika kwenye kupokea kwa upande ule. Kilichobaki ni adapta ya H8571-J ya kugeuza MMJ kuwa plagi ya pini 9, na nyingine ya kutoka hapo kwenda USB. Kasi ni 9600, biti 8, bila pariti, biti moja ya kusimama.

Nimewasha umeme. Mashine ikajipima, ikaleta alama tatu za `>>>`. `SHOW DEVICE` ikaonyesha diski zote, nami nikaandika `B` na jina la diski ya mfumo. VMS ikaanza kuamka, kisha ikasimama kuniuliza tarehe na saa. Betri ya saa yake imekwisha, kama nilivyotarajia. (VMS huhesabu muda kwa vipande vya nanosekunde 100 kuanzia tarehe 17 Novemba 1858. Tarehe hiyo ni ya wanaastronomia. Kwa mashine hii, mwaka 2000 haukuwa jambo kubwa hata kidogo.)

Cha kuogopwa kwenye konsoli ni BREAK. BREAK si herufi. Ni waya kushikiliwa katika hali ya sifuri kwa muda mrefu kuliko herufi nzima. VAX ikiiona, na swichi ya nyuma ikiwa imeiruhusu, inasimamisha prosesa papo hapo na kukurudisha kwenye `>>>`, watu wakiwa katikati ya kazi. Seva ya terminali ikizimwa, au adapta ikichomolewa, hilo tu laweza kuzaa BREAK. Ukiwahi kuandika `C`, mashine huendelea ilipoishia. Swichi nimeizima. Mzee mmoja aliyeziendesha mashine hizi miaka mingi aliniambia kwa simu: "Mwanangu, konsoli si mahali pa kukaa. Ingia, rekebisha, toka."

Jumanne. Vitufe vya kufuta

Dalili ya kwanza: ukibonyeza kitufe cha kufuta, herufi haifutiki, kishale kinaruka hadi mwanzo wa mstari. Rekodi inaonyesha emuleta, yaani programu inayoigiza terminali kwenye kompyuta yangu, inatuma baiti yenye thamani 8, yaani Ctrl-H. Kwa VMS, Ctrl-H ni amri ya kwenda mwanzo wa mstari. Kufuta ni baiti 127. Terminali halisi ya VT220 hutuma 127 kutoka kitufe hichohicho, basi nikaiagiza emuleta ifanye vivyo hivyo.

Dalili ya pili ilikuwa tamu zaidi. Ndani ya kihariri cha EDT, kila ukibonyeza Enter kuanza mstari mpya, mstari unarudi ulikotoka. Emuleta ilikuwa katika hali ya mstari mpya, ile inayowashwa na mfuatano `ESC [ 20 h`, ambamo Enter hutuma CR (rudi mwanzo wa mstari) ikifuatwa na LF (shuka mstari). EDT inapokea CR na kukata mstari. Kisha inapokea LF, ambayo kwake ni kitufe cha kufuta neno la nyuma, na kwa EDT mwisho wa mstari nao huhesabiwa kama neno. Inaufuta. Kila upande umefuata kanuni zake barabara. Hali ya mstari mpya nimeizima.

Telnet nayo ina mtego wa jamaa hiyo. Hati yake, RFC 854 ya mwaka 1983, inataka CR ifuatwe na LF au NUL (baiti ya sifuri), haiwezi kusimama peke yake. Mteja na seva wasipoelewana juu ya NUL hiyo, inafika kwenye programu kama herufi ya ziada isiyoonekana. Hatujafika kwenye Telnet bado, ila naliandika hapa ili likijitokeza tusilitafute mbali.

Jumatano. "Wewe ni nani?"

VT100 ilitoka mwaka 1978, ikiwa na prosesa ya Intel 8080 ndani. Watu wanaiita terminali bubu, lakini ndani yake mlikuwa na kompyuta kamili iliyofuata lugha yenye kanuni: ESC, mabano ya mraba, namba, herufi ya mwisho. Lugha hiyo ndiyo emuleta zote za leo bado zinaiongea, na VMS huijaribu mara tu mtu anapoingia. Amri ya `SET TERMINAL/INQUIRE` inatuma `ESC [ c`, terminali inajitambulisha. VT100 hujibu `ESC [ ? 1 ; 2 c`, VT220 hujibu kwa 62 mwanzoni, na familia ya VT420 kwa 64.

Emuleta yangu ilijibu kwa 64, VMS ikaandika VT400, mambo yakaenda. Shida ilijitokeza nilipopitisha mawasiliano kwenye njia yenye ucheleweshaji wa makusudi. Jibu lilichelewa, VMS ikaacha kulisubiri, na baiti zilipofika zikaonekana kama mtu ameandika `[?64;1;2` kwenye mstari wa amri. Mtu asiyejua angesema waya unaleta takataka. Waya ulileta jibu sahihi, likakuta anayeuliza ameshaondoka. Kwenye faili la kuingilia nimeondoa swali hilo kwa watu wanaokuja kupitia lango na kuwapa aina moja kwa moja: `SET TERMINAL/DEVICE=VT400`.

Jambo lililochukua muda ni vitufe vya kazi. Programu ya ghala inategemea PF1, kile ambacho watumiaji wa EDT hukiita kitufe cha dhahabu, na vitufe vya namba vilivyo katika hali ya programu. PF1 hutuma `ESC O P`. Kompyuta za leo hazina PF1, lakini F1 ya emuleta nyingi hutuma mfuatano uleule, na hapo bahati imetuangukia: kwenye VT220 halisi vitufe vya F1 hadi F5 vilikuwa vya terminali yenyewe, yaani kusimamisha skrini, kuchapisha, mipangilio, na F5 ambayo ndiyo BREAK. Havikutuma chochote kwa programu. Kwa hiyo hakuna kinachopotea nikivitumia F1 hadi F4 kama PF1 hadi PF4.

Kona ya kulia ya vitufe vya namba ni hadithi nyingine. VT ina alama ya kutoa, mkato, na Enter ndefu. Kibodi ya leo ina alama ya kujumlisha ndefu mahali pale. Katika EDT, kutoa hufuta neno na mkato hufuta herufi, hivyo vyote viwili vinahitajika. Nimeigawa: kujumlisha kunatuma mkato, na kujumlisha pamoja na Shift kunatuma kutoa. Nani atakumbuka bila karatasi? Basi karatasi ipo, imebandikwa.

Ijumaa. Mistari ya fremu na seti ya herufi

Fomu za ghala zilikuja na `lqqqqk` pale panapopaswa kuwa na kona na mstari. Hizo ndizo herufi ambazo seti ya michoro ya DEC huzigeuza kuwa michoro: l ni kona ya juu kushoto, q mstari wa mlalo, x wa wima. Seti huitwa kwa `ESC ( 0`. Programu hii haifanyi hivyo kila mara. Inaiweka seti kwenye nafasi ya G1, kisha inaruka kwenda na kurudi kwa baiti za SO na SI. Emuleta yangu ya kwanza ilipuuza SO ikiwa katika UTF-8, usimbaji wa herufi wa leo. Ya pili haikupuuza. Nimeibakiza ya pili bila majadiliano.

Hapohapo kuna mgongano mwingine. VT220 na ndugu zake zinaweza kutumia udhibiti wa biti 8, ambapo badala ya ESC na mabano hutumwa baiti moja, 0x9B. Kwa terminali iliyo katika UTF-8, baiti hiyo ikija peke yake ni kosa la usimbaji. Nimeilazimisha mashine iongee udhibiti wa biti 7. Tunapoteza baiti moja kwa kila mfuatano, na hakuna atakayeihisi.

Dirisha limefungwa kwenye mistari 24 na safu 80. Mtu alitamani dirisha kubwa. Programu ilikusudiwa kusogeza sehemu tu ya skrini na inajua kwamba mstari wa 24 ndio wa mwisho, basi ukubwa wa ziada unaleta mabaki ya fomu ya jana chini ya fomu ya leo. Ripoti za safu 132 zinaitwa kwa `ESC [ ? 3 h`. Kwenye xterm hilo huwa limezimwa mpaka uliruhusu, na lisiporuhusiwa kila mstari wa ripoti unavunjika vipande viwili.

Jumamosi. Etheneti

Mashine ina tundu la AUI la pini 15, la Etheneti ya zamani. Transiva ya kugeuza kwenda waya wa kawaida inagharimu kidogo, lakini taa haikuwaka ilipochomekwa kwenye swichi kuu. Transiva inaongea megabiti 10 kwa zamu, na tundu lile la swichi limeacha kuongea kasi hiyo. Swichi ndogo ya zamani ya 10/100 katikati imelimaliza jambo hilo.

Kisha anwani ya Etheneti ikabadilika. Kwenye `>>>` ilikuwa ikianza na 08-00-2B, namba za Digital. VMS ilipoamka ikawa AA-00-04-00-0D-04. Hiyo ni DECnet Phase IV: haitunzi jedwali la kulinganisha anwani, inaiandika anwani yake ndani ya ile ya Etheneti. Eneo 1, nodi 13, ni 1 mara 1024 jumlisha 13, yaani 1037. Kwa heksadesimali ni 040D, na baiti ndogo ikitangulia inakuwa 0D-04. Ndiyo maana DECnet lazima ianze kabla ya LAT kwenye faili la kuwashia. Ikianza baadaye, inabadilisha anwani chini ya miguu ya wengine.

Jumapili. LAT

Nimeisubiri siku hii, kwa sababu LAT ni itifaki niipendayo kuliko inavyostahili.

Telnet hutuma herufi moja ikiwa imevikwa baiti 20 za TCP na 20 za IP, kwa kila mtu na kila kitufe. LAT ilibuniwa kwa seva ya terminali yenye watu wengi wanaoandika kwenda mashine moja. Inakusanya herufi za wote kwa milisekunde 80, inaziweka katika fremu moja, kila mtu na kijisanduku chake, inatuma. Mashine inapata fremu chache badala ya mvua ya vipakiti, na kwa prosesa za wakati ule kila fremu ilikuwa mzigo. Mwandishi hahisi milisekunde 80.

Gharama yake ni kwamba LAT haina tabaka la mtandao hata kidogo. Fremu zake, zenye aina 0x6004, hubeba anwani za Etheneti tu, na hakuna ruta itakayojua zinakokwenda. Inaishi na kufa ndani ya mtandao mmoja wa karibu.

Kompyuta ya Linux yenye latd, programu inayoongea LAT, imewekwa kwenye swichi ileile ndogo. Nimefungua tcpdump, ya kutazama fremu zinazopita, nikaona tangazo la huduma likitoka kwa VAX kwenda anwani ya kundi 09-00-2B-00-00-0F, mara moja kila sekunde 60. `latcp` ikaorodhesha huduma, `llogin` ikaleta neno Username. Hakuna nilichogusa kwenye VAX zaidi ya kuwasha nodi kwenye LATCP, programu yake ya kusimamia LAT. Miaka yote hii ilikuwa tayari kujitangaza, bila mtu wa kuisikia.

Jumanne. Lango

Watu wanaingia kwa SSH kwenye kompyuta ya Linux. Akaunti yao pale haina ganda la amri. Usanidi wa SSH unailazimisha iendeshe `llogin` kwenda huduma ya ghala, na ikitoka, muunganiko unakatika. Nywila ya VMS inasafiri bila kufichwa kwa mita chache tu, kati ya Linux na VAX, kwenye swichi isiyo na mtu mwingine.

Kulikuwa na pendekezo la kuweka TCP/IP ndani ya VAX na kufungua Telnet moja kwa moja. Nimelikataa. Telnet huonyesha nywila kwa yeyote aliye njiani, na kuiongezea mashine hii tabaka jipya la mtandao ni kuiongezea kitu cha kuharibika. Lango likifa, linabadilishwa kwa dakika. VAX ikifa, sijui tutaipata wapi nyingine.

Alhamisi. Kubandika maandishi

Nilibandika faili la amri refu kwenye konsoli, nusu yake ikapotea huku kengele ikilia. Hifadhi ya herufi zinazosubiri kusomwa ni baiti 78 kwa kawaida. Ikijaa, VMS inalia na kutupa zinazofuata, isipokuwa `HOSTSYNC` imewashwa; hapo inatuma XOFF, baiti yenye thamani 19, kuomba subira. Niliiwasha, lakini hasara ikapungua tu, haikuisha. Adapta ya USB ina hifadhi yake, na XOFF inapofika kwenye kompyuta, herufi nyingi zimeshaingia kwenye adapta na hazirudishiki. `ALTYPEAHD` inaipandisha hifadhi hadi 200. Hata hivyo, kuanzia leo hakuna kubandika. Faili linakwenda kwa Kermit, programu ya kuhamisha faili.

Jumamosi. Data zinatoka

Kermit ilizaliwa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981, na ilidhania kila njia ni mbaya: biti ya nane inaliwa, herufi za udhibiti zinamezwa katikati. Kwa hiyo herufi ya udhibiti inageuzwa kuwa ya kawaida na kutanguliwa na `#`, na yenye biti ya nane inatanguliwa na `&`. XON (ruhusa ya kuendelea) na XOFF zilizo ndani ya data hazigusi waya. Kwenye mashine hii dhana hizo zote ni za kweli. C-Kermit ilikuwa tayari kwenye diski.

Faili kuu la ghala, lenye ukubwa wa baiti milioni 3 hivi, lingechukua karibu saa nzima kwenye konsoli ya 9600, maana kasi hiyo ni baiti 960 kwa sekunde na si zaidi. Kwa LAT ni haraka zaidi, ila pakiti za kawaida za herufi 94, kila moja ikisubiri kibali, zinazirudisha zile milisekunde 80 kwetu kila safari. Pakiti ndefu na madirisha ya kuteleza vimeondoa subira hiyo.

VMS haioni faili kama mkondo wa baiti. Inaona rekodi, na faili la ghala lina faharasa ndani yake. Ukilichukua jinsi lilivyo unapata uji. `CONVERT` inalitoa kama rekodi za mfuatano, ndipo Kermit inalibeba. Idadi ya rekodi imelingana pande zote mbili.

Safu mbili za bei ni namba za nukta za VAX, za biti 32. Maneno mawili ya biti 16 yamepangwa kinyume na ilivyozoeleka. Yabadilishane nafasi, isome kama namba ya IEEE, kanuni ya kompyuta za leo, kisha igawe kwa 4, maana kipeo chake kimeanzia mahali tofauti. Kiasi cha bidhaa ni desimali iliyopakiwa ya COBOL, tarakimu mbili kwa baiti, nusu ya mwisho ikiwa alama ya chanya au hasi. Jumla niliyoipata kwenye Linux ni ileile inayochapishwa na ripoti ya ghala.

Hali ilivyo sasa

Watu watatu wanaingia kupitia lango kwa wakati mmoja na fomu zinachorwa sawasawa. Bado: betri ya saa, nakala kamili ya diski zote, transiva ya akiba, na kutafuta kwa nini mtumiaji mmoja anapata Ctrl-S (ndiyo XOFF) mara kwa mara skrini yake ikaganda hadi abonyeze Ctrl-Q. Nashuku emuleta yake. Nimemwomba rekodi ya baiti.